Mbwa apewe nyama mbichi au iliyochemshwa? Na minyoo naizuiaje?

Mlinda_Geti
Wakuu, habari za muda huu.

Nina mbwa wawili, jike mzima na mwanawe wa kiume aliyeacha kunyonya juzijuzi. Nyumbani tumegawanyika. Mimi nawapa nyama mbichi ya bucha, hasa maini na mapafu, maana wanayafakamia. Mama watoto hataki hata kusikia. Anasema mbichi ndiyo inaleta minyoo, tena inamfanya mbwa awe mkali kupita kiasi.

Sasa juzi jike kainuka alipokuwa amelala, nikaona vipande vyeupe vimenasa kwenye manyoya chini ya mkia, kama punje za mchele, na viwili vitatu bado vinajongea. Basi mwenzangu kapata ushahidi, mimi sina la kusema. Huyu mdogo naye tumbo limejaa kama ameshiba ila mbavu zinahesabika.

Tuna mtoto anayetambaa, kwa hiyo naomba majibu ya kweli, si utani. Nichemshe au niendelee? Na dawa ya minyoo inatolewa kila baada ya muda gani?

Mzee_wa_Kambi
Mbichi, mkuu, usibabaishwe. Mbwa mwitu nani anamchemshia?

BintiMakini
@Mzee_wa_Kambi na huyo mbwa mwitu nani alishampima choo? Wanyama wa porini wamejaa minyoo, wanaishi nayo tu, na wengi hawafiki uzee. Tena hawatambai sebuleni na mtoto wako.

Kifaru_Mpole
Kitunguu saumu kilichotwangwa, changanya kwenye chakula. Ikishindikana mpe kidogo dawa ya minyoo ya mbuzi, minyoo ni minyoo.

Dokta_wa_Zizi
Kifaru, hapana, na nitakuambia kwa nini. Nianze na mleta mada.

Ndugu, umefunga mambo mawili kamba moja. Vipande hivyo karibu kila mara ni vya tegu anayetokana na kiroboto, si nyama. Mbwa akiwashwa anajiguguna, anameza kiroboto chenye lava ya tegu ndani yake, na baada ya wiki mbili tatu vipande vinaanza kutoka nyuma. Mchemshie kila tonge maisha yake yote, viroboto wakiwepo tegu atarudi. Dawa yake ni prazikwanteli, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito. Ukiitoa bila kuua viroboto, umetupa pesa.

Tumbo la mdogo ni habari nyingine. Ninavyolisoma hapa, hiyo ni minyoo ya mviringo, na kairithi kwa mama yake. Mabuu yake hulala kwenye misuli ya jike, akishika mimba yanaamka na kupita kwenye kondo la nyuma mpaka kwa watoto, na mengine yanapitia kwenye maziwa. Mtoto wa mbwa anazaliwa na minyoo kabla hajajua nyama inanukiaje. Ndiyo maana dawa inaanza akiwa na wiki 2, inarudiwa kila baada ya wiki 2 hadi apite muda wa kuacha kunyonya, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Mbwa mzima kila baada ya miezi 3 inatosha kwa nyumba nyingi. Mama naye apewe siku anayopewa mtoto. Na fungua mdomo wa huyo mdogo uangalie fizi. Zikiwa zimepauka usisubiri kesho, inaweza kuwa safura inayomnyonya damu, na wadogo hufa haraka kwa hilo.

Sasa nyama. Hapa mke wako ameshinda, ila kwa sababu nyingine. Maini na mapafu ya ng'ombe, kondoo na mbuzi huweza kuwa na vifuko vya majimaji. Mbwa akivila, kifuko kimoja kinamwachia maelfu ya tegu wa aina nyingine, wadogo wa milimita chache. Huwaoni kwenye kinyesi, na mbwa mwenyewe anacheza kama kawaida. Hatari ni mayai yao, yanayonata hata kwenye manyoya. Mtu akiyameza, vifuko vinaota kwenye ini au mapafu yake, vinakua miaka bila kuuma, na mwisho wake mara nyingi ni kisu cha upasuaji. Kwa nyumba yenye mtoto anayetambaa, mimi nisingelaza mbwa mmoja na maini mabichi tumboni.

Kwa vile jike ameshayala, hiyo prazikwanteli anaihitaji hata kama viroboto wangeisha leo.

Kuhusu ukali: nyama mbichi haina kosa. Anaitetea tu kwa sababu anaipenda.

Kifaru: vitunguu, saumu na maji, vinavunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mwenye minyoo damu yake tayari ni pungufu. Dawa za mbuzi nyingi zina albendazoli, ambayo inaweza kudhuru uboho wa mbwa, na ivermektini ya ng'ombe huingia hadi kwenye ubongo wa baadhi ya mbwa wa mbegu ya Collie.

Mzee_wa_Kambi
Dokta, na nikiigandisha?

Dokta_wa_Zizi
Friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki nzima, inaua hivyo vifuko. Bakteria kama salmonela haifi, inasubiri iyeyuke. Kuchemsha kunamaliza vyote: katikati ya nyama ifike angalau nyuzi 75, ini likatwe vipande vidogo ili liive hadi ndani.

BintiMakini
Niongeze, ukishaanza kupika mifupa isiwemo kwenye sahani. Uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha, unachana utumbo. Na nyama tupu si chakula kamili, ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, anayekua ataota miguu iliyopinda. Muulize daktari wa mifugo cha kuongezea.

Mlinda_Geti
Ahsanteni sana. Fizi za mdogo ni za waridi. Viroboto wapo, nimepekua manyoya nikawakuta. Mama watoto kasoma yote, anacheka peke yake. Uzito wa mdogo siujui, hatulii kwenye mizani.

Dokta_wa_Zizi
Panda mizani umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Malazi yafue kwa maji ya moto, maana mayai ya viroboto yako huko zaidi ya mwilini. Kinyesi kiokotwe kila siku: mayai ya minyoo ya mviringo yanahitaji wiki mbili hivi kwenye udongo kabla ya kuambukiza, usiyape nafasi. Dawa ya viroboto wapewe wote wawili siku moja. Kama kuna paka humo ndani, yeye atafutiwe yake. Za mbwa zenye permethrini zinaua paka.