Acheni kutuuzia meno ya sauropodi yaliyoungwa kwa gundi, na ninyi mnaoyathibitisha kwa picha moja acheni pia

Wakuu, nimevumilia muda mrefu ila leo limenifika shingoni.

Miezi mitatu iliyopita nilitaka kununua jino la kisukuku la sauropodi, yaani dinosaria mkubwa wa shingo ndefu mla majani. Muuzaji kaandika "Rebbachisaurus, Kem Kem, Moroko, halisi asilimia mia", na cheti chenye muhuri juu yake. Rebbachisaurus ni mmoja wa sauropodi, na Kem Kem ni eneo la miamba yenye visukuku. Kabla sijalipa niliweka picha humu nikaomba ushauri. Watu sita walijibu ndani ya dakika kumi: halisi, zuri, chukua. Hakuna aliyeuliza urefu. Hakuna aliyeomba picha ya upande wa pili wala ya kitako. Nikachukua.

Lilipofika nililiweka chini ya lenzi inayokuza mara 10. Taji, yaani sehemu ya jino iliyo juu ya mzizi, ni la kweli kabisa: jembamba kama penseli, enameli (ganda gumu la nje) ina mikunjo midogo midogo, na nchani limelika kwa mshazari kama meno ya aina hiyo yanavyolika. Tatizo liko chini ya taji. Nyufa zinashuka vizuri kwenye enameli, zikifika mstari fulani zinakatika zote kwa pamoja. Kwenye jino zima ufa haujui mpaka wa taji na mzizi, unapita. Nikawasha taa ya urujuanimno (UV) gizani, ule mstari ukang'aa kuliko sehemu nyingine zote. Nikalizungushia pamba yenye asetoni, nikasubiri, likaachana vipande viwili. Katikati kulikuwa na mchanga uliokorogwa na gundi. Mzizi ni mnene kuliko taji na tundu la ndani halilingani. Nadhani ni wa mamba, na kwa vyovyote si wa jino lile.

Sasa kinachoniudhi zaidi ni kwamba mzizi mrefu ndio ulipaswa kuwa kengele ya kwanza, na wale sita wanajiita wazoefu. Sauropodi walikuwa wakibadilisha meno maisha yao yote. Wataalamu waliohesabu mistari ya ukuaji ndani ya meno wamekadiria kwamba Camarasaurus alipata jino jipya kila tundu kwa takriban siku 62, Diplodocus siku 35, na Nigersaurus kama siku 14 tu. Jino jipya linapopanda linakula mzizi wa lile la zamani, kwa hiyo jino linalodondoka lenyewe hubaki taji na kisiki kifupi, mara nyingi kikiwa na kishimo chini. Hayo ndiyo yanayookotwa kwa wingi. Jino lenye mzizi kamili linawezekana, mnyama akifa nalo taya likaoza, lakini hapo muuzaji anadaiwa maelezo. Wauzaji wanajua wanunuzi tunapenda jino refu, basi wanalirefusha.

Halafu hilo jina! Rebbachisaurus alipewa jina mwaka 1954 kutokana na mifupa ya mwili. Katika mabaki yale hakukuwa na jino hata moja. Mtu anayekuandikia jina hilo kwenye jino moja lililookotwa peke yake analinganisha na nini? Kwenye miamba ile ile kuna sauropodi wa kundi la titanosauri pia, na baadhi yao nao wana meno membamba. Ukiwa mkweli utaandika "sauropodi, huenda wa kundi la Rebbachisaurus" basi. Na hapo ni baada ya kuhakikisha si jino la pterosauri (reptilia arukaye wa kale), au la mamba, ambalo kwa kawaida ni koni yenye ukingo mmoja mbele na mmoja nyuma. Jino pana lenye umbo la kijiko, kama la Camarasaurus, angalau linapunguza kidogo orodha ya wanaowezekana. Lenye umbo la penseli halipunguzi.

Kwenye mifupa ndiyo vurugu tupu. Mtu analeta kipande cha ukubwa wa ngumi, "paja la sauropodi". Kwa nini sauropodi? Kwa sababu ni kizito. Tafadhali geuzeni sehemu iliyovunjika mtazame. Mfupa una tabaka gumu nje na sponji ndani. Mbao iliyogeuka jiwe ina nyuzi zilizolala upande mmoja na mara nyingine pete za ukuaji. Jiwe la kawaida halina lolote kati ya hayo. Mifupa mirefu ya miguu ya sauropodi kwa kawaida haina uwazi mpana wa uboho katikati, imejaa sponji, ilhali ile ya dinosaria walao nyama ina uwazi. Pingili za shingo nazo zimejaa vyumba vya hewa. Hizo ni dalili za kutazama, ila kipande kisicho na kiungo wala kingo hakikupi jina la jenasi, yaani jina kama Rebbachisaurus. Na habari ya kulamba ili uone kama kinanata ulimini, udongo mkavu nao unanata.

Mnaodhani nakuza mambo, someni habari za Australodocus bohetii, sauropodi wa Tendaguru, kusini mwa Tanzania. Jina la pili linamuenzi Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji pale. Sauropodi huyo alielezwa kisayansi mwaka 2007 kwa pingili mbili za shingo, akawekwa pamoja na jamaa za Diplodocus. Baadaye watafiti wengine wakapinga, wakasema yuko upande wa jamaa za Brachiosaurus. Pingili mbili, watu waliosomea, mabishano ya miaka. Wewe unaona picha ya simu yenye ukungu unaandika "halisi, Rebbachisaurus".

Na mabishano yale yanawezekana kwa sababu wachimbaji wa Tendaguru wa 1909 hadi 1913 waliipa kila shimo alama na mfupa ukaondoka na alama yake. Mjusi mkubwa wa Tendaguru anayesimama Berlin, sehemu kubwa yake ni kiunzi kilichoandikwa S II. Mwaka 1914 aliitwa Brachiosaurus brancai, leo wengi wanamwita Giraffatitan, na jina likibadilika bado unaweza kurudi kwenye shimo lilelile. Cheti changu hakina tabaka, hakina eneo, hakina mwaka wa kuchimbwa. Kina neno "halisi" na sahihi isiyosomeka.

Kuunga si dhambi. Mfupa uliovunjika unaungwa kwa gundi, uliolegea unatiwa dawa ya kuuimarisha, hata makumbusho wanafanya. Semeni tu! Andikeni "taji halisi, mzizi wa kuongezwa" na mnunuzi aamue.

Kwa wanaojibu maswali humu: kabla hujaandika "halisi", dai picha ya pande zote, ya kitako, ya mpaka wa taji na mzizi kwa karibu, rula ikiwa pembeni. Picha hazipo, andika "siwezi kusema". Ni maneno mawili. Mngeyaandika siku ile nisingelipa.

Muuzaji hajajibu ujumbe wangu, na jana kaweka mengine manne, yote marefu, yote Rebbachisaurus. Mzizi nimeutenga. Taji nimeliweka kwenye kikasha na karatasi niliyoiandika mwenyewe: "Taji la jino la sauropodi. Inasemekana Kem Kem. Mahali hasa hapajulikani."