Mafundi magitaa wa Mwanza, acheni kutuuzia plastiki kwa jina la mfupa

Wakuu salaam.

Uzi huu nimeuandika kwa hasira na sitaupunguza makali. Kuna biashara imeota mizizi hapa mjini, kuanzia Makoroboi mpaka Igoma. Mtu anapeleka gitaa kavu (lisilo la umeme) kwa fundi, anaambiwa "tunakuwekea nati na sedo za mfupa, sauti itafunguka mpaka ushangae". Analipa hela ya mfupa na hela ya ufundi. Gitaa linarudi na vipande vyeupe vinavyong'aa, uzi wa kwanza unalia kama nyuki, chodi ya F inaumiza vidole, na C inatoka kali, yaani imepanda kuliko noti yake, hata kama umetyuni sawasawa. Ukilalamika: "vidole vyako havijazoea mfupa." Vidole havina kosa hapo!

Kwa wageni: nati ni kile kipande cha juu shingoni kinachopanga nyuzi kabla hazijafika kwenye vigingi. Sedo ni kile kinachosimama kwenye daraja la chini.

Tuanze na huo mfupa wenyewe, maana nusu ya vinavyouzwa si mfupa kabisa. Geuza kipande uangalie chini. Kikiwa na uwazi kwa ndani au mstari wa kalibu, hiyo ni plastiki ya kumwaga. Kama hakina, chukua sindano, ipashe moto, igusishe sehemu ya chini isiyoonekana. Plastiki inayeyuka au inatoa harufu ya dawa. Mfupa hauyeyuki, unanuka ukwato ulioungua. Kwa lenzi, mfupa una vistari na vitundu vidogo visivyo na mpangilio. Fundi akikataa kipimo hicho kabla hujalipa, beba gitaa lako uondoke.

Na tusidanganyane kuhusu faida. Yamaha F310, gitaa la wanafunzi linalojulikana kila kona, linakuja na nati na sedo za urea, ambayo ni plastiki ngumu. Urea iliyokatwa vizuri inaushinda mfupa uliokatwa vibaya, kila siku. Nati inagusa sauti ya nyuzi zilizo wazi tu. Ukishabana freti (vile vyuma vya shingoni), imetoka kazini. Sedo ndiyo inayopitisha mtikisiko wa kila noti kwenda kwenye ubao wa juu. Kwa hiyo mwenye hela ya kipande kimoja aanze na sedo. Mafundi hawasemi hivyo kwa sababu nati ndiyo inayoonekana haraka.

Kinachoudhi zaidi, huku ni Usukumani. Ng'ombe tunao. Mfupa wa muundi unaupata buchani kwa hela ya supu. Toa uboho, chemsha kwa moto mdogo, kwangua nyama yote, kisha loweka siku kadhaa kwenye thina, nje na mbali na moto, mafuta yatoke. Kausha kivulini wiki kadhaa kabla ya kukata. Usitumie jiki! Inakula ute unaoshikilia mfupa, unabaki mweupe wa kupendeza lakini unamong'onyoka kama chaki. Rangi ya maziwa ndiyo rangi yake. Wakati wa kusugua vaa barakoa, au tumia msasa wa maji, vumbi lile si la kuvuta. Na yule anayenong'ona kwamba ana "kipande cha pembe", mkimbie. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, mwaka 1989, na hapa kwetu nyara za serikali ni jela.

Sasa ufundi, ambako ndiko wizi ulipo.

Nati ya zamani haing'olewi kwa bisibisi. Pitisha wembe kuzunguka kingo zake ukate rangi, kisha gonga taratibu kwa kipande cha mbao kutoka upande wa freti. Ukiruka hatua ya wembe, rangi inabanduka pamoja na nati na kidonda hicho hakifichiki.

Nati ya F310 ina upana wa milimita 43. Chukua nyuzi za seti ya kawaida, 12 mpaka 53 (ni elfu za inchi): uzi wa sita una unene wa 1.35 mm, wa kwanza 0.30 mm. Fundi wetu anachukua rula, anagawanya sawa, 7.2 mm kila mfereji wa kukalia uzi, kutoka katikati hadi katikati. Matokeo yake nyuzi nene zinabanana na nyembamba zinaachana. Kinachotakiwa kuwa sawa ni uwazi kati ya uzi na uzi. Kwa nafasi ya 36 mm kutoka uzi wa sita hadi wa kwanza, uwazi unakuwa karibu 6.45 mm, na umbali wa katikati hadi katikati, kuanzia uzi wa sita, unatoka hivi: 7.67, 7.40, 7.17, 6.97, 6.81. Andika kwenye karatasi, bandika ukutani, kazi imeisha.

Halafu mifereji inakatwa kwa blade ya msumeno wa chuma. Blade hiyo inaacha mfereji wa karibu milimita nzima, na uzi wa kwanza ni 0.30! Lazima uteleze, lazima ulie. Mfereji unatakiwa kuzidi uzi kidogo sana, 0.05 mpaka 0.1 mm. Ukibana kupita kiasi, uzi unanasa: unazungusha kigingi, kimya, kisha "ting!" umeruka nusu noti. Kama tupa za nati ni ghali, nenda duka la vifaa vya kuchomelea, omba zile sindano za kusafishia tundu la mdomo wa gesi. Zinakuja za unene tofauti, kila moja ni katupa kembamba. Zipime kwa kalipa uchague.

Sakafu ya mfereji ishuke kuelekea kwenye vigingi, ili uzi uondokee ukingo wa mbele kabisa, upande wa freti. Ukiondokea nyuma, uzi ulio wazi unakuwa mrefu kuliko ulivyopangwa, na tyuni ya freti zote inavurugika. Kina kipimwe hivi: bana uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, tazama juu ya freti ya kwanza. Uwazi uwe wa karatasi ya daftari kwa uzi wa sita, na mdogo zaidi kwa wa kwanza. Uwazi ukiwa mkubwa, hapo ndipo C inapotoka kali na F inapouma. Ukiwa sifuri, umepitiliza. Supa gluu na vumbi la mfupa vitaziba kwa muda, lakini kazi ya kulipiwa hairudishwi na kiraka.

Sedo nayo wanaisugua mkononi hewani. Chini inakuwa tumbo la mtumbwi, inagusa mtaro wa daraja inamokaa katikati tu. Bandika msasa namba 150 juu ya kioo, paka chini ya sedo penseli, sugua ikiwa imesimama wima mpaka penseli iishe yote kwa pamoja. Kimo ni hesabu ya darasa la tano: kama uzi wa sita uko 3.2 mm juu ya freti ya 12 na unataka 2.4, tofauti ni 0.8, basi unatoa 1.6 chini ya sedo, kwa sababu freti ya 12 iko katikati ya uzi. Juu, fuata duara la freti. Kwa duara lenye nusu kipenyo cha 400 mm, katikati ya sedo hupanda kama 0.9 mm kuliko kwenye nyuzi za pembeni. Kileleni, uzi wa pili uondokee nyuma na wa tatu mbele, kisha wa nne, wa tano na wa sita warudi nyuma kidogokidogo. Kilele kilichonyooka kama rula hakitatyuni freti za juu hata umlete malaika.

Mwisho, gundi. Nati inahitaji tone moja au mawili ya gundi ya mbao, basi. Sedo haigundishwi kamwe. Kuna gitaa za kwaya zimemwagiwa gundi ya chuma mpaka nati ikitoka inatoka na mbao.

—

MtaaWaKirumba: Mkuu umeongea. Ila wateja nao wanataka kazi ya saa moja na bei ya kubadilisha nyuzi. Nati na sedo zikikatwa vizuri ni kazi ya siku nzima.

Mleta uzi: Sawa kaka, basi fundi aseme "siku nzima" na ataje bei yake. Asikubali saa moja halafu achome pesa ya mtu.

NyuziZaNyegezi: Nitajuaje kosa ni la nati au la sedo?

Mleta uzi: Weka kapo (kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni) freti ya kwanza. Tatizo likiisha, ni nati. Likibaki, angalia sedo na unyoofu wa shingo. Na fundi anyooshe shingo kwanza, kabla ya kugusa chochote, maana vipimo vyote hapo juu vinabadilika shingo ikibadilika.

GalatoniLaZiwani: Ongeza suala la unyevu. Huku kando ya ziwa, mvua za Machi hadi Mei ubao wa juu unavimba na nyuzi zinapanda. Juni hadi Agosti unakauka na nyuzi zinashuka zinalia. Fundi akikukatia sedo fupi wakati wa mvua, kiangazi gitaa halipigiki. Kwa gitaa la mbao kamili, si plaiwudi, ni bora kuwa na sedo mbili zilizopishana kama nusu milimita. Ndiyo maana isigundishwe.

MtaaWaKirumba: Na zenye pikapu (kinasa sauti cha kupeleka kwenye spika) chini ya sedo?

Mleta uzi: Hapo ndipo unyoofu wa chini unapodai kodi. Ikiacha uwazi kidogo, uzi mmoja unapiga kelele kwenye spika na mwingine haupo. Sedo iingie kwa vidole bila nyundo. Ukigeuza gitaa isidondoke, ukivuta itoke. Ikilegea inalalia mbele na daraja linapasuka. Ukitoa ya zamani, ipime unene na pikapu ikiwa ndani, usikisie. Na pale waya unapochomoza kwenye tundu la mtaro, chonga kona ya sedo isiukalie.