Tupeane uzoefu: ulijifunzaje kurusha helikopta ya rimoti na ilikutia hasara gani?

Wakuu, naanza mwenyewe ili msione aibu. Nilinunua kahelikopta Kariakoo, vile vya mapanga mawili moja juu ya lingine yanazunguka kinyume, muuzaji akakarusha palepale kakatulia hewani kama kerengende nikajua hii kazi nyepesi. Kufika home nikakawasha sebuleni, nikasukuma kijiti cha kushoto mpaka mwisho, kakaenda moja kwa moja kwenye feni ya juu. Na feni ilikuwa inazunguka. Sekunde nne tu, hela imeisha. Mama mkwe alikuwepo, akasema "pole baba" akarudi kwenye tamthilia yake.

Ka pili ndo kalinifunza. Kijiti unapandisha kidogokidogo, ila usikae chinichini kwa woga, pale karibu na sakafu upepo wa mapanga yenyewe unarudi kanayumba kama kamelewa. Pandisha usawa wa kiuno, kanatulia.

Haya leteni zenu.

---

Yangu niliipeleka uwanjani saa saba mchana, uwanja mtupu watoto wamejaa kutazama. Kumbe rimoti yake ni ile ya mwanga kama ya TV, jua likaimeza, ikazima juu kwa juu ikadondoka kama embe. Watoto walicheka mpaka leo wananiita rubani

---

Hizo mnazosema zinajisawazisha zenyewe jamani, njooni kwenye ya panga moja na kale kadogo ka mkiani. Wiki tatu nilirusha mkia ukinielekea mimi, kushoto ni kushoto, nikajiona fundi. Siku imegeuka pua inanitazama, naipeleka kushoto inakwenda kulia, navyozidi kurekebisha ndo inazidi kunifuata, ikanipita sikioni nikalala chini kama nimesikia risasi. Baada ya hapo nikarudi kwenye simyuleta ya kompyuta mwezi mzima, kule nimeanguka mpaka nimechoka na sijatoa hata mia. Halafu nikaifungia miguu mirefu ya vijiti vya mishikaki, kila ncha mpira wa pingpong, ikiinama panga halifiki chini. Na ukiona unaanguka zima mota kwanza! Panga likigonga huku linazunguka linaondoka na gia na shafti, likiwa limekata moto mara nyingi unaokota tu unaendelea.

---

Mkuu hiyo ya mishikaki naiiba

---

Mie wa Mombasa, kwangu shida ilikuwa betri. Hizi za LiPo (lithiamu polima) seli moja ni volti 3.7, ikijaa 4.2, na haitakiwi kushuka chini ya 3. Mimi nikiona imepungua nguvu naongeza dakika moja, nikishuka tu naichomeka kwenye chaja ingali moto. Ikavimba kama mahamri. Wife akaniambia hiyo haikai humu ndani, nikaiweka kwenye kopo la mchanga huko nje. Siku hizi naweka alamu ya simu dakika tano, ikilia natua, nangoja ipoe ndo nachaji, tena niko macho sio usiku nimelala

---

Nimesoma zote nimecheka. Yangu panga moja limepasuka ncha nikaliziba kwa superglu, sasa inatetemeka kama bajaji ya zamani haipandi. Mwenye kujua wanapouza mapanga ya akiba peke yake aseme, iko juu ya kabati huu mwezi wa pili na mtoto ananiuliza kila siku.