Mjadala: Je, samaki wa kufugwa tangini waruhusiwe kuvuliwa kwenye miamba ya Malindi?

Mwanzilishi wa mjadala, Malindi mjini

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Swali hili lilizuka barazani jioni moja, pale mwenzetu mmoja aliposema kwamba anataka kuweka tangi la maji chumvi katika ukumbi wa nyumba yake ya wageni, na mwingine akamjibu kwamba samaki wa mwambani akitiwa katika kioo ni mfungwa asiye na kosa. Tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari, iliyotengwa mwaka 1968, hakuna ubishi, kwa kuwa hata kombe haliruhusiwi kuokotwa. Nazungumzia miamba iliyo nje ya mipaka yake. Msimamo wangu ni huu: siungi mkono katazo la jumla, lakini napinga kabisa kuvuliwa kwa aina zisizoweza kuishi tangini.

Nasema hivyo kwa sababu nimekosea mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua tangi la lita 200, nikachota maji ya bahari kwa ndoo, nikatandika mchanga, na kesho yake nikatia samaki watano, mmoja wao akiwa kitatange wa manjano. Sikujua kwamba tangi jipya halina wale bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokayo kwa samaki, kuwa nitriti, kisha nitreti, na kwamba kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kabla hawajakaa sawasawa. Wanne walikufa katika wiki ya kwanza. Kitatange alibaki peke yake, akidonoa kioo na mawe kutwa nzima, akivipita vipande vya kamba nilivyomkatia kana kwamba si chakula, maana vitatange wengi wa jamii yake hula nyama ya matumbawe yaliyo hai na hawataki kingine. Siku ya kumi na moja nilimkuta amelala ubavu nyuma ya pampu, amekonda kama jani la mkungu. Ninachokionea haya zaidi ni kwamba nilirudi kwa aliyeniuzia, nikanunua wengine.

Basi tangi la mtu asiyejua halichukui samaki watano baharini. Huchukua watano kila baada ya wiki chache, na mvuvi huona biashara imenoga. Kuna aina ambazo hasara yake ni kubwa kuliko idadi yake. Mfano ni samaki msafishaji, yule mwembamba mwenye mstari mweusi na buluu, ambaye chewa na wenzake humjia awatoe chawa hata ndani ya mashavu. Watafiti nchini Australia waliwaondoa wasafishaji hao katika miamba midogo kwa miaka kadhaa, na samaki wengine wakapungua. Hatupati faida yoyote kumtoa huyo mwambani, kwa sababu tangini pia huwa shida kumlisha.

Mvuvi, Mayungu

Waalaykum salaam, mwanangu. Nimesoma maneno yako na sikatai kwamba kitatange wako alikufa kwa ujinga. Lakini mbona mnaanza na sisi? Mzamiaji huingia na kimia kidogo, humfukuzia samaki mmoja mmoja, kisha hupanda naye polepole, kwani akimpandisha kwa pupa kibofu chake cha hewa hufura na hatafika pwani akiwa mzima. Kwa siku nzima hupata ndoo moja. Juya, ule wavu mrefu wa kukokota, likivutwa asubuhi moja tu kwenye nyasi za bahari huleta wadogo wa changu na tafi wasiohesabika, nao hutupwa mchangani kwa kuwa hawauziki. Mvua ikinyesha bara, maji mekundu ya mto Sabaki hushuka na udongo ukayafunika matumbawe. Tena mwaka 1998, wakati wa El Niño, bahari ilipata joto mpaka matumbawe mengi ya pwani hii yakageuka meupe na kufa, na hakukuwa na tangi la mtu lililosababisha. Samaki mmoja wa rangi huniletea fedha kuliko kilo ya wa kukaanga. Ukininyima huyo, nitashusha malema zaidi, ile mitego ya kusukwa.

Mwenye nyumba ya wageni, Casuarina

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Naomba kujua jambo moja tu: nikichoka kuwatunza, kuna ubaya gani kuwarudisha baharini kwao?

Mwanzilishi wa mjadala

Ndugu yangu wa Casuarina, usiwarudishe. Samaki aliyekaa na wageni waliotoka kwingine anaweza kubeba ugonjwa, na huenda mmoja wao si wa bahari hii. Samaki simba, ambaye kwao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, alionekana Florida mwaka 1985, na inaaminika kwamba alitoka katika matangi ya watu. Leo ameenea Karibiani nzima akimeza samaki wadogo wa huko. Mrudishie aliyekuuzia, au mpe mfugaji mwingine.

Mzee wangu wa Mayungu, kuhusu juya na Sabaki umenishinda, na nakubali kwamba fedha ya samaki hai inaweza kumpunguzia mvuvi haja ya malema. Ila nijibu hili. Yule mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, akaaye ndani ya anemoni, yule mnyama wa mwambani afananaye na ua, mkubwa wa nyumba huwa ndiye jike, na akitolewa, dume lake hugeuka jike na kuanza upya kungoja mume akue. Mnunuzi hutaka huyo mkubwa. Aina hiyo siku hizi huzalishwa matangini kwa wingi, na hata kangaja wa buluu alizalishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Je, wazamiaji wenzako wangekubali wakubwa waachwe, na orodha ya vitatange wala matumbawe na wasafishaji ibandikwe pale mnaposhushia samaki, ili mchuuzi asithubutu kuwaagiza? Mkikubali, mimi niko tayari kuja na rangi na ubao.

Mvuvi, Mayungu

Njoo wakati wa maji mafu; bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, hatupo pwani. Na hao wasafishaji, uwachore. Majina ya vitabuni hatuyajui.