Nataka kuandika kuhusu Maji Maji ila naona wakubwa wameshamaliza kila kitu, naanzaje?

binti_kipatimu

Habari zenu wadau, na wakubwa wote shikamooni.

Mi ni mzaliwa wa Kipatimu, Kilwa, hukohuko milima ya Umatumbi vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vilikoanzia. Toka nikiwa mdogo bibi yangu mzaa mama ananisimulia mambo aliyoyapokea kwa mama yake na nina hamu kubwa ya kuyaandika, sio kwa ajili ya mtihani wala digrii, nataka kitabu kidogo tu cha Kiswahili ambacho mtu wa kwetu akikishika anakisoma mpaka mwisho na anajiona humo ndani.

Sasa kila nikikaa na daftari nafsi inaniuliza, we nani hasa? Maana vita hivi vipo kwenye vitabu vya sekondari, Ebrahim Hussein kaandika tamthilia yake tangu 1969 na mpaka leo inasomwa, maprofesa wa hapa na wa Ujerumani wamefukua mpaka makaratasi ya serikali ya Gavana Götzen, Mjerumani aliyetawala huku wakati ule, Songea kuna makumbusho kabisa. Mganga Kinjikitile wa Ngarambe, dawa ya maji, risasi zitageuka maji, kunyongwa Mohoro Agosti 1905, hayo yote hata mtoto wa shule anakutajia bila kufikiri. Mi naongeza nini hapo? Naanza, nikifika ukurasa wa pili naona ni yaleyale ya kitabu cha shule nimeyageuza maneno tu, nachana. Na kuna ndugu yangu kanambia hiyo mada imechoka tafuta nyingine, na tangu aseme hivyo peni imekuwa nzito kweli.

Naomba mnisaidie. Ujasiri wa kuandika kitu ambacho wengine wameshakiandika mtu anautoa wapi? Na je nisome kwanza vyote vilivyoandikwa au niandike tu?

---

Mwl_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nimefundisha historia maisha yangu yote ya kazi na hili swali lako limenigusa kwa hiyo nivumilie nitaandika kirefu.

Unajua nani yumo kati ya waliotangulia kuandika kitabu kizima kuhusu vita hivi? Ni huyohuyo Götzen, kitabu chake kilitoka Ujerumani 1909, moshi wa mashamba hata haujapoa vizuri. Kwa hesabu ya huyo ndugu yako basi mada ilishaisha 1909, na ingeisha ikiwa mikononi mwa mtu aliyeamuru vita vyenyewe. Sasa angalia waliokuja baada yake. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akatunga utenzi wa vita hivi, ukaja kuchapwa 1957. Mwalimu Nyerere 1956 alisimama Umoja wa Mataifa akaitaja Maji Maji kueleza kwa nini watu wetu walipigana, na yeye alikuwa anadai uhuru kwa hiyo alichokitafuta kwenye habari ileile ni kingine kabisa na alichokitafuta Götzen. Halafu miaka ya 60 kina Gilbert Gwassa wakazunguka Umatumbi wakiwahoji wazee waliokuwa bado hai, na 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakatawanyika mikoani kukusanya masimulizi ya wazee, kila mmoja kwao. Mwaka mmoja baadae ndio tamthilia unayoisema.

Hao wote waliandika jambo ambalo lilikuwa limeshaandikwa!! Na kila mmoja kaleta kitu. Leo tunajua kwamba waliong'oa mashina ya kwanza ya pamba pale Nandete Julai 1905 ni Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Hayo majina yamefika kwetu kwa sababu kuna mtu alikwenda kuuliza wazee wakati vitabu tayari vilikuwepo. Huyo mtu naye angesema imechoka, majina yangekwenda kaburini na wazee.

Kuhusu kusoma, soma. Soma vyote unavyoweza kuvipata. Mtu anayejua wenzake wameishia wapi haogopi kuanza, anayeogopa ni yule anayekisia.

---

mhariri_kivuli

Nitakuwa mkweli dada, usinielewe vibaya. Umeandika maelezo marefu kuhusu vita, gavana, tamthilia, makumbusho, halafu bibi yako umempa mstari mmoja. "Ananisimulia mambo." Mambo gani? Hapo ndipo penye kitabu chako na umepapita mbio.

Mi nahariri miswada, inakuja mezani mingi ya watu wanaoandika mada kubwa, na karibu yote inakwama palepale ulipokwama wewe, ukurasa wa pili. Kwa sababu mwandishi anadhani lazima kwanza aeleze vita vilianza lini, sababu zake, Wajerumani walifika lini, pamba ya lazima ilianza 1902 chini ya maakida na majumbe, wale wasimamizi wa Wajerumani huku vijijini, yani anajenga msingi uleule wa kila kitabu, na ukijenga msingi wa mwenzio nyumba itatoka ya mwenzio. Hapo hata ujasiri wa simba hauwezi kukusaidia maana kweli unarudia, na moyo wako unajua.

Msomaji wako keshasikia kuhusu 1905. Usianzie hapo. Anzia kwa mama yake bibi. Alikuwa na miaka mingapi, alikuwa wapi, alikula nini. Ujasiri unaoutafuta hauji kabla, unakuja ukishakuwa na kitu mkononi ambacho unajua mwingine hana. Hebu tuambie kitu kimoja tu alichosema bibi, kimoja, kama alivyokisema.

---

binti_kipatimu

Mwalimu asante sana, sikujua hayo ya Götzen kuandika kitabu mwenyewe, imenikaa kichwani tangu jana.

@mhariri_kivuli umenishika pabaya lakini sawa, ngoja nijaribu.

Mama yake bibi alikuwa mtoto wa kushikwa mkono. Askari walipokuja kuchoma, watu wa kwao walikimbilia mapangoni, huko kwetu yapo mengi, kubwa ni lile la Nang'oma ambalo siku hizi wageni wanakuja kulitembelea. Bibi anasema mama wa huyo mtoto alikuwa na mbegu za mtama kazifunga kwenye kitambaa, kitambaa kakifunga kiunoni kwenye ngozi kabisa, kaniki juu yake. Chakula kilikwisha mapema. Usiku wanaume wanatoka kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwituni, porini, wakikosa basi watu wanalala hivyohivyo. Na ile mbegu ipo. Watoto wanajua ipo maana usiku wakimlalia mama yao wanaisikia kwa shavu, punje punje. Na hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Mdogo wake wa kiume alikufa hukohuko pangoni kwa njaa, na mbegu bado iko kiunoni kwa mama. Bibi akifika hapa hasemi kama ilikuwa sawa au sio sawa, anasema tu "ndiyo tuliyopanda".

Halafu kuna jingine na hili ndio nadhani linanitisha zaidi kuliko hao maprofesa. Bibi akisimulia hataji sana Wajerumani. Anataja akida na askari, watu weusi kama sisi. Na kuna mtu wa ukoo wetu upande wa baba wa bibi alikuwa anamfanyia kazi akida wa Kibata. Hilo husemwa kwa sauti ya chini. Mi kitabu cha mashujaa nimekisoma sana, cha namna hii sijakutana nacho, na sijui kama nina ruhusa.

---

mngoni_wa_mjini

Dah. Nimesoma hiyo ya mbegu mara mbili.

Mi natokea Songea. Kwetu kila Februari 27 ni kumbukumbu, siku ile mwaka 1906 ndio walinyongwa wale wazee na manduna, yani wakuu wa Wangoni, pale mjini, tumekua tunayajua majina na tunajivunia, nduna Songea Mbano mwenyewe mji umebeba jina lake. Kuna na mwanamke kati ya viongozi wetu, Mkomanile, naye alinyongwa. Lakini niambie, mara ngapi umesikia habari ya wanawake ambao hawakunyongwa? Waliobaki na watoto, mashamba yamechomwa, maghala yamechomwa, waume wamekufa. Ukisikia idadi ya waliokufa wapo wanaosema 75,000 na wapo wanaofikisha 250,000 hata 300,000, na wengi wao ni njaa, sio risasi. Halafu ukifungua vitabu vingi njaa inapewa aya moja mwishoni, kama mvua imenyesha ikapita. Njaa ile ililetwa makusudi, chakula kilichomwa ili watu wasalimu amri. Sasa we una mtu aliyekuwa ndani yake na unauliza unaongeza nini?

Ila mwalimu mi na wewe hapa hatukubaliani samahani. Akisoma vyote kwanza, masikio yake yataharibika. Atamkalisha bibi huku kichwani ana maswali ya vitabu, atamuuliza habari za Kinjikitile na dawa, na bibi kwa heshima atamjibu hayohayo, wazee wetu wanajua mjukuu anataka kusikia nini. Aandike ya bibi kwanza yote mpaka yaishe ndio aguse kitabu.

---

Mwl_Mstaafu

Mngoni, hoja yako ina uzito na nusu yake naichukua. Arekodi bibi kwanza, tena haraka, vitabu havifi lakini bibi ana umri mkubwa. Lakini kuchapa kabla ya kusoma hapana. Yale masimulizi ya 1968 yaliwekwa, aende maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani kwenye sehemu ya East Africana aulizie karatasi za mradi wa Maji Maji. Huenda akakuta mzee wa kijiji cha jirani alishahojiwa na akasema jambo linalofanana na la bibi, au linalolipinga. Vyote viwili ni faida kwake. Likifanana, bibi anapata shahidi. Likipingana basi ndio kabisa, aandike kwamba huku walisema hivi na kule hivi, asisahihishe.

Na binti, hao askari weusi si aibu ya ukoo wako peke yake. Jeshi la Wajerumani hapa askari wake wengi walikuwa Waafrika, wengine wametoka Sudan, wengine wamechukuliwa hapahapa nchini. Vitabu vya miaka ya 60 vilikuwa na kazi ya kujenga taifa changa, vilitaka kuonyesha watu waliosimama pamoja, na kweli walisimama, makabila ambayo hayajawahi kuungana. Ile kazi ilifanyika vizuri. Ya kwako ni kusema na yale yaliyowekwa pembeni wakati ule.

---

amu_mjini

Nami nichangie kidogo kutoka Lamu. Huku kwetu hakuna mtu asiyejua habari za Fumo Liyongo, zimeimbwa tangu enzi na enzi, kila nyumba ina ya kwake. Na bado Muhammad Kijumwa 1913 alikaa akatunga utenzi mzima wa Liyongo, beti kwa beti, kisa ambacho wasikilizaji wake walishakijua mwanzo na mwisho. Watu hawakumwambia tumeshasikia. Walitaka kusikia atakisemaje yeye. Huo ndio ustaarabu wa utunzi wetu tangu zamani, kisa ni cha wote na ulimi ni wa mtunzi. Hii hofu ya kwamba aliyetangulia ameifunga mada naona ni ya shuleni, ya kuogopa kuambiwa umenakili kwa mwenzio. Andika dadangu.

---

mhariri_kivuli

Nirudi kwenye ruhusa maana ndio swali zito la huu uzi na linapitwa.

Huyo mtu wa akida, kaa na wakubwa wa ukoo kabla hujaandika, sio kuwaomba wakufutie, kuwaambia tu kwamba utaandika ili wasije kukisikia kwa watu. Jina lake unaweza kuliacha. Kazi yake usiiache. Ukimtoa, yule mama na mbegu zake atabaki anateswa na watu wasio na sura, na bibi hakusimulia hivyo. Bibi alitaja akida na askari kwa sababu hao ndio waliofika mlangoni, Götzen hakufika Kipatimu na bunduki.

Na hiyo aya yako ya pangoni usiiguse, ndivyo hivyohivyo. Umeandika bila kutaja mwaka hata mmoja na hakuna aliyepotea njia. Sauti unayo, ulikuwa unaizima ili ufanane na kitabu cha shule.

---

binti_kipatimu

Jamani asanteni, sina hata la kusema.

Nimeamua hivi. Mwezi ujao naenda Kipatimu, nitakaa na bibi na nitamrekodi kwa simu, nitamwacha aongee Kimatumbi maana akiongea Kiswahili anafupisha, Kiswahili nitakiweka mwenyewe baadae nikisaidiwa na mjomba. Sitamuuliza habari za Kinjikitile kama yeye hajamtaja. Mjomba huyohuyo ndio mkubwa wa ukoo kwa sasa, ile habari ya Kibata nitaanza kwake. Nikirudi Dar ndio naenda Mlimani kwa hizo karatasi, mwalimu nitakuja kukusumbua tena hapo maana sijui hata nitaombaje.

Sura ya kwanza itakuwa ya pangoni. Mwaka 1905 utakuja ukihitajika.

---

mngoni_wa_mjini

Safi sana. Ukifika muulize na hili maana nimelitafuta sijalipata popote: walipotoka pangoni nyumba zimechomwa, majembe pengine yamechukuliwa, sasa lile shamba la kwanza walilimia nini, na lilikuwa la nani?