Nataka kuanzisha mapigano ya roboti Kigoma, ulingo wa kamba unatosha?

Mzee wa Projekta

Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda umiza hapa Mwanga, Kigoma mjini. Ligi za Ulaya zikisimama, kibanda kinageuka stoo ya mabenchi na mimi napiga miayo. Sasa kuna siku niliwawekea vijana vipande vya BattleBots kabla ya mechi, yale mashindano ya Wamarekani ambapo roboti zinakatana mpaka moja inazimika. Walipiga kelele kuliko siku ya dabi ya Kariakoo. Mmoja wao ni fundi simu, mwingine anasoma umeme VETA, wakaniambia, "Mzee, hizi tunatengeneza."

Mpango wangu: roboti nane, kila moja isizidi kilo 10. Mota za waipa za gari kwa ajili ya magurudumu, silaha ni diski ya grenda. Nyuma ya kibanda kuna uwanja wa mchanga, nitachimbia nguzo nne na kuzungusha kamba kama ulingo wa ngumi. Watazamaji wakae mita tatu kutoka kwenye kamba. Kiingilio 1,000, watoto 500.

Naomba ushauri. Kamba zinatosha, au niongeze na wavu? Nyavu huku mwisho wa reli hazikosi. Na mshindi anapatikanaje kama zote mbili bado zinatembea?

Behewa la Mwisho

Wavu wa dagaa uzuie diski ya grenda? Mkuu, weka na gari la wagonjwa kwenye bajeti. Mimi nitakuja, ila nitakaa Ujiji nisikilize kwa mbali.

MamaTesta

Mzee wa Projekta, wazo lako nalipenda, ulingo wako siupendi hata kidogo. Nafundisha vijana umeme hapa Tabora na nimewahi kusaidia kuandaa mashindano ya namna hii ya roboti ndogo chuoni. Nilishuhudia skrubu ikichomoka kwenye roboti ya gramu 150 na kuzama kwenye plaiwudi. Gramu 150! Wewe unazungumzia kilo 10 na diski iliyotengenezwa kukaa ndani ya kinga ya grenda. Diski ya kukatia ikipigwa ubavuni inapasuka vipande, na vipande havijui mita tatu.

Shida ni kasi. Ukiongeza mzunguko wa silaha mara mbili, nguvu iliyobebwa humo inakuwa mara nne. Ndiyo maana hao BattleBots, ambao roboti zao zinafika kilo 113, wanapigania ndani ya sanduku la futi 48 kwa 48 lenye kuta za polikaboneti, ile plastiki angavu isiyovunjika kirahisi, na dari juu, na bado wakaweka kikomo cha mwendo wa ncha ya silaha, maili 250 kwa saa. Hiyo ni kama kilomita 400. Kamba?

Kwa hiyo anza na sanduku, roboti baadaye. Wengi wanafanya kinyume: hela zote zinaishia kwenye mota, halafu siku ya shughuli wanaazima meza na kuzungushia mbao.

Ningekuwa wewe ningechukua daraja la gramu 150. Waingereza wanalo siku nyingi, na roboti zao kabla ya pambano lazima zienee kwenye mchemraba wa inchi 4. Mwaka wa kwanza piga marufuku silaha zote zinazozunguka. Ruhusu za kusukuma, za kubana na za kupindua. Vijana watanuna, waache wanune.

Sanduku la mita moja na nusu kila upande linatosha. Mpe fundi welding achomelee fremu ya skwea paipu, sakafu plaiwudi nene, kona moja iwe na shimo la kutumbukizana, watu wanalipenda sana. Kuta na dari ziwe za polikaboneti ngumu ya milimita 6. Hapo sikiliza vizuri, maana utauziwa kitu kingine. Dukani kuna ile ya kuezekea yenye matundu katikati, hiyo hapana, ni ngozi mbili nyembamba tu. Kuna na akriliki, plastiki nyingine angavu, inang'aa vizuri kuliko hata polikaboneti, ila ikipigwa inavunjika kama kioo. Omba kipande kidogo ukikunje: polikaboneti inapinda, akriliki inakatika. Ukishainunua usiifute kwa thina wala petroli, inaota nyufa ndogondogo na nguvu inaisha. Maji na sabuni tu.

Dari usiiache. Roboti ya kupindua inarusha mwenzake juu, si pembeni.

Halafu ukaguzi kabla ya pambano. Roboti iinuliwe juu ya kigogo, magurudumu yanazunguka hewani, mwenyewe azime remoti. Vyote vikisimama, imepita. Ikiendelea kuzunguka, irudi nyumbani hata kama ni ya mtoto wa diwani. Na isiwashwe roboti yoyote nje ya sanduku. Iingie imezimwa, silaha ina pini ya kuizuia isizunguke wala kupiga, pini itolewe, mlango ufungwe ndipo mapambano yaanze.

Kuhusu mshindi: dakika tatu. Isiyotembea inahesabiwa mpaka kumi kama kwenye ngumi. Zikibaki hai zote, majaji watatu wanaangalia nani kaumiza zaidi, nani alikuwa anamfuata mwenzake, nani aliiongoza roboti yake vizuri. Majaji wasitoke mtaa mmoja na washindani. Unaijua Kigoma kuliko mimi.

Swali langu kwako: hicho kibanda kina milango mingapi?

Mzee wa Projekta

Ahsante sana Mama Testa, nimesoma mara mbili. Kibanda kina mlango mmoja, na dirisha nililoliziba kwa sababu watoto walikuwa wanachungulia bure.

MamaTesta

Basi humo hazipigani. Roboti hizi zinatumia betri za LiPo, za lithiamu, ile ya mfuko laini. Ikitobolewa au ikichajiwa kupita volti 4.2 kwa seli inawaka, na moshi wake ni sumu. Watu mia, mlango mmoja, bati juu. Hapana mzee wangu.

Meza ya kuchajia iwe nje kivulini, ndoo ya mchanga mkavu pembeni, na mtu ambaye kazi yake ni kuzitazama tu. Betri iliyovimba haichajiwi hata mwenyewe akilia.

Mvuvi wa Kibirizi

Si watumie betri za taa za dagaa? Zinakesha ziwani na haziwaki moto hovyo.

MamaTesta

Kaka, nyingi ya hizo ni za asidi. Betri peke yake inazidi roboti kumi. Ila zinafaa sana kuwashia taa za sanduku, umeme ukikatika pambano lisifie gizani.

Ticha wa Gungu

Mzee, omba bwalo la shule wakati wa likizo. Mabwalo mengi yana milango pande mbili na dari iko juu. Onana na mkuu wa shule mapema, kisha afisa utamaduni wa manispaa kwa ajili ya kibali, na polisi wapewe taarifa. Vijana wako wamezoea mikeka, watataka kubetia roboti. Zuia kabisa, hilo lina leseni yake Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Mimi ningependekeza sumo kwanza. Roboti ya gramu 500, sentimita 10 kwa 10, duara la sentimita 77, anayetoka nje kapoteza. Wanafunzi wangu wanaweza.

MamaTesta

Ticha, sumo ni nzuri darasani. Aliyelipa 1,000 akaona visanduku viwili vinasukumana, benchi litaruka. Iweke katikati ya mapambano, wenye roboti zilizoumia wanahitaji kama dakika 20 za kutengeneza.

Mzee wa Projekta

Hapo kwenye muda ndipo nilipokwama. Roboti nane kwa mtoano wa kawaida ni mapambano saba. Dakika 21 tu! Watu watadai chao.

MamaTesta

Fanya mtoano wa kupoteza mara mbili. Aliyepigwa anashuka kundi la pili, akipigwa tena ndiyo anaaga. Unapata mapambano 14, au 15 kama fainali itarudiwa. Na tafuta mtangazaji mwenye mdomo, wale wa ndondo. Roboti ya gramu 150 inaenea kiganjani, wa benchi la nyuma haoni kitu, kwa hiyo projekta yako ndiyo itakayowauzia tiketi. Funga kamera juu ya dari ya sanduku ikitazama chini, siyo pembeni, maana ukuta wa pembeni utachubuka na picha itakuwa ukungu kabla ya nusu fainali.