Naomba ushauri: tathmini ya vyeti vya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) kwa chuo cha Marekani

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, PCM, daraja la kwanza pointi 5: Hisabati A, Fizikia na Kemia B. Chuo anachoomba Marekani kinataka vyeti vyote viwili, cha nne na cha sita, vitathminiwe na taasisi iliyo mwanachama wa NACES, yaani umoja wa taasisi za Marekani zinazotathmini vyeti vya nje. Nakala zenye muhuri wa wakili zilikataliwa. Wanataka matokeo yatoke NECTA moja kwa moja, yasipitie mikononi mwetu. Hilo tumeshaliombea.

Tulipokwama: tulipie tathmini ya jumla, au ya somo kwa somo, ambayo ni ghali ila inaonyesha krediti (uzito wa kila somo kwa kipimo cha vyuo vya Marekani) na GPA (wastani wa alama)? Na kuna aliyepewa krediti za mwaka wa kwanza kwa Hisabati ya kidato cha sita, kama wanavyopewa wenye A-level za Cambridge?